Jibini Juu ya Mkate wa Kuchoma

Watu wengi wadhani ya kuwa jibini ni chakula cha mahoteli tu, wala haina nafasi katika nyumba ya karani au mkulima. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka siku ile baba mkwe wangu alipotutembelea kutoka shambani.

Nilikuwa nimepokea mshahara, nikanunua kipande cha jibini ili nimheshimu mzee. Nilimwandalia ikiwa baridi, juu ya mkate mkavu. Mzee alitafuna polepole, akanywa chai, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, kwetu sabuni hatuwapi wageni." Mke wangu alikimbilia jikoni asionekane akicheka. Jioni nilijaribu kuichoma. Moto ulikuwa mkali mno. Mkate ukaungua, na jibini ikatoa mafuta yake yote ikawa ngumu kama mpira. Fedha zangu zikapotea bure.

Kosa langu lilikuwa moto. Jibini ikipata joto la kiasi hulainika na kuyeyuka vizuri. Ikizidishiwa moto hujikaza na kukamua mafuta yake nje. Kwa hiyo yafaa kufanya hivi. Twaa mkate wa jana, ukate vipande vyenye unene wa kidole. Paka siagi kidogo, ukauchome upande mmoja katika kikaango mpaka uwe na rangi ya kahawia. Upande huo uliokauka ndio utakaobeba jibini, nao hautalowa. Paruza jibini iwe nyembamba ipate kuyeyuka upesi, uichanganye na kitunguu kilichokatwa kidogo kidogo, pilipili manga, na haradali ukiwa nayo. Itandaze, ufunike kikaango, upunguze makaa ya chini, kisha upalie makaa juu ya kifuniko, kama watu wa pwani wafanyavyo wapikapo wali. Ngoja dakika tatu hadi tano. Iliwe ingali moto.

Jambo hili si geni duniani. Watu wa Wales, katika Uingereza, huyeyusha jibini pamoja na pombe na haradali, wakaimimina juu ya mkate uliochomwa. Jina lake kwa Kiingereza, lililoonekana katika maandishi tangu mwaka 1725, maana yake ni "sungura wa Wales", ingawa hamna nyama ya sungura hata kidogo!

Sasa, mwenye ng'ombe hana haja ya kununua jibini. Shambani kwa baba mkwe, maziwa ya asubuhi huchukuliwa na mnunuzi, lakini ya jioni hulala, na mara nyingi huchachuka yakakataliwa. Basi mke wangu alimfundisha mama yake hivi: chemsha lita mbili za maziwa mabichi, epua, tia maji ya ndimu kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga taratibu, mpaka maziwa yagawanyike, mabonge meupe mbali na maji mbali. Chuja kwa kitambaa safi, tia chumvi, ukitundike kwa saa mbili. Yale maji usiyamwage. Yafaa kupikia uji.

Jibini hii haiyeyuki kama ile ya dukani, kwa sababu imegandishwa kwa ndimu. Kwa hiyo iponde pamoja na kiini cha yai, kitunguu na dania, kisha uichome juu ya mkate vivyo hivyo. Itapata rangi nzuri na ladha tamu. Iliwe siku ile ile au kesho yake, maana haikai.

Mwezi uliopita mzee alikuja tena. Alifungua kitambaa cheupe mezani, akamtazama mke wangu, akasema, "Choma hii, mwanangu. Mumeo akisema ni sabuni, asipewe." Tulikula sote, na watoto wakaomba tena.