Saa ya Ugenini: Kronomita ya Baharini na Pwani ya Waswahili

Katika Kiswahili, hesabu ya saa huanzia kwenye jua. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza kutimia baada ya macheo, na saa moja usiku ni ya kwanza kutimia baada ya machweo. Kwa kuwa pwani ya Waswahili iko karibu na Ikweta, hesabu hiyo haiyumbi sana mwaka mzima. Hii ni saa ya mahali, mali ya mji unaoliona jua lake. Kronomita ya baharini ni kinyume cha hayo. Ni saa iliyobuniwa ili ishike wakati wa mahali pengine, kule safari ilikoanzia, bila kujali jua limefika wapi juu ya chombo.

Faida yake ni ya hesabu nyepesi. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa saa moja. Jua linapofika upeo wake Mombasa, wakati wa jua wa Greenwich uko nyuma kwa saa 2, dakika 38 na sekunde 40 hivi. Tofauti hiyo ikizidishwa kwa 15, hupatikana longitudo ya Mombasa: takriban digrii 39 na dakika 40 mashariki. Kronomita ikikosea dakika moja tu, chombo kilicho karibu na Ikweta kitahesabiwa kuwa kilomita 28 mbali na kilipo. Usiku, kwenye miamba, umbali huo ni uhai au kifo.

Manahodha wa Bahari ya Hindi hawakuwa na ala hii, na asidhani mtu kwamba walikuwa wakipapasa gizani. Walipima kimo cha nyota kwa kibao chenye uzi wa mafundo, ambacho Waarabu hukiita kamal (neno lisilo na undugu na kamali ya wacheza bahati nasibu), na kipimo chao kilikuwa isba, yaani kidole. Kwa njia hiyo waliijua latitudo. Longitudo hawakuweza kuipima, lakini safari za kaskazi na kusi ziliwadai zaidi kujua majira ya pepo, rangi ya maji na sura ya pwani.

Ulaya ilisukumwa na hasara. Mwaka 1707 meli nne za kivita za Uingereza ziliangamia penye miamba ya Scilly, na mwaka 1714 Bunge la nchi hiyo liliahidi zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayetatua suala la longitudo. Aliyelitatua kwa njia ya saa alikuwa John Harrison, mwana wa seremala, naye mwenyewe seremala kwa malezi. Saa yake ya nne, iliyokamilika mwaka 1759, ina upana wa sentimita 13 tu. Katika safari ya kwenda Jamaica iliyoanza mwaka 1761 ilihesabiwa kuwa imepoteza sekunde 5 hivi kwa siku 81. Nakala yake, iliyoundwa na Larcum Kendall, ilifuatana na James Cook mwaka 1772 hadi 1775. Baadaye John Arnold na Thomas Earnshaw waliirahisisha kazi hiyo hata kronomita zikaweza kuundwa kwa wingi.

Kronomita ya zama hizo hulazwa ndani ya sanduku la mbao, ikishikiliwa na pete za shaba zinazoiacha ikae sawa chombo kinapoyumba. Hutiwa ufunguo kila siku kwa saa ileile, ili kamani yake isilegee kuliko kawaida. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba akrabu zake hazirekebishwi safarini. Ikienda mbele sekunde mbili kila siku, huachwa hivyo, na sekunde hizo huandikwa daftarini. Kinachotakiwa ni kosa lisilobadilika.

Ala za namna hii ndizo zilizoletwa na Kapteni William Owen, aliyeipima pwani ya Afrika tangu mwaka 1822 hadi 1826 kwa meli Leven na Barracouta. Vina vya maji vilipimwa kwa bildi, longitudo kwa kronomita. Homa iliua sehemu kubwa ya mabaharia wake. Luteni Reitz, aliyeachwa Mombasa mwaka 1824 Owen alipouweka mji huo chini ya bendera ya Uingereza, alifariki mwaka uleule, na jina lake limebaki katika Port Reitz. Mwaka 1827 Owen alichapisha majedwali ya latitudo na longitudo za mahali alipopapima. Kuanzia hapo miji ya Waswahili ilitajwa kwa umbali wake kutoka Greenwich, na majina yake yakaandikwa jinsi yalivyosikika masikioni mwa Waingereza.

Mawimbi ya redio, na baadaye setilaiti, yameipunguzia kronomita kazi. Saa ya ugenini, hata hivyo, haikuondoka. Wakati rasmi wa Afrika Mashariki leo hufuata digrii 45, mstari unaopita baharini mashariki ya Mombasa. Hivyo saa ya ukutani inapoonyesha saa sita kamili ya mchana, kwa wastani jua la Mombasa bado lina dakika 21 kabla ya kufika upeo wake, na la Kampala lina karibu dakika 50.