Umeumia Kazini? Usikae Kimya

Zamani misafara ya wapagazi kutoka pwani ilivuka nyika kavu ya Mgunda Mkali, ikafika Tura. Hapo ndipo Unyamwezi ilipoanza. Mara nyingi mpagazi aliyeumia njiani aliachwa nyuma. Hakuwa na wa kumdai.

Siku hizi sheria inamlinda anayeumia kazini. Lakini wengi wetu hatuijui.

Tuchukue mfano. Kijana anafanya kibarua cha kupasua mbao. Msumeno unamkata vidole. Tajiri anampa fedha kidogo za dawa na kumwambia, "Nenda nyumbani, ukipona urudi." Kijana anashukuru na kuondoka. Miezi inapita. Kidonda kimepona, lakini vidole havikunji. Hawezi tena kushika jembe. Anasema, "Ni bahati mbaya yangu."

Kijana huyu amekosea. Fidia si huruma ya tajiri. Ni haki.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilipitishwa mwaka 2008. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ni mfuko wa serikali. Waajiri ndio wanaouchangia. Mchango huo haukatwi katika mshahara wako.

Mfuko hulipia matibabu. Hulipa fidia kwa asiyeweza kufanya kazi kwa muda, na kwa aliyepata ulemavu wa kudumu. Mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazini, wategemezi wake hulipwa pensheni. Ugonjwa uliosababishwa na kazi nao unahusika.

Kibarua naye ana haki hiyo, hata kama mkataba wake ni wa mdomo. Anayelima tumbaku katika shamba lake mwenyewe hana mwajiri, hivyo hahusiki. Aliyeajiriwa kulima shamba la mwingine anahusika.

Ukiumia, fanya hivi:

1. Tibiwa kwanza. Kama damu inatoka, bana jeraha kwa kitambaa safi, kisha wahi zahanati.

2. Mweleze mganga kwamba umeumia kazini. Mwombe aandike hivyo.

3. Mwarifu mwajiri mapema. Yeye anatakiwa kutoa taarifa kwa Mfuko ndani ya siku 7 tangu apate habari.

4. Andika katika daftari lako siku, saa, mahali, jinsi ulivyoumia, na majina ya walioona. Tunza karatasi zote za hospitali. Wahenga walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari."

5. Usitie sahihi wala dole gumba katika karatasi usiyoielewa. Isome. Ikikushinda, mpe mtu unayemwamini akusomee.

6. Usichelewe. Taarifa isipofika kwa Mfuko ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, unaweza kupoteza haki yako. Mwajiri akinyamaza, peleka taarifa wewe mwenyewe.

Nani atakusaidia?

Labda utasema, "Sina fedha za wakili." Iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kwa sheria hiyo, asiye na uwezo husaidiwa bila malipo. Wako pia wasaidizi wa kisheria waliofunzwa kazi hiyo. Muulize mtendaji wa kata au afisa maendeleo ya jamii akuelekeze kwao. Ukiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, kiarifu. Mweleze pia Afisa Kazi wa mkoa.

Ukifukuzwa kazi kwa sababu umeumia, hilo ni shauri jingine. Lipeleke Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Ndugu msomaji, umejifunza kusoma na kuandika. Kalamu yako ni kinga yako. Itumie.

Maswali ya kujadili

1. Kijana wa mbao alikosea wapi?
2. Nani anachangia Mfuko wa Fidia?
3. Katika kijiji chako, nani anafanya kazi ya hatari? Je, anajua haki yake?