Gari Kuukuu: Bei ya Kununua na Bei ya Kuliweka



Safari hii tuzungumze juu ya magari kuukuu, hasa yale ambayo siku hizi hayaonekani sana barabarani. Sababu ni nyumba moja niliyoitembelea upande wa Asembo. Msichana wa Kidato cha Tatu alikuwa nyumbani wakati wenzake wako shuleni. Nyuma ya jikoni kulikuwa na Peugeot 504, stesheni wagoni, limewekwa juu ya mawe. Baba yake, mwalimu mstaafu, alikuwa amelinunua kwa pesa za kustaafu ili libebe samaki wa mkewe kutoka ufukweni mpaka Kisumu.

“Madam,” akaniambia, “bei ilikuwa rahisi kweli. Lakini tangu nilinunue, ni mimi ninalibeba.”

Karo ya mtoto ilikuwa imeishia gereji.

Kwa nini gari hili lilipendwa

Mwalimu hakuwa mjinga. Peugeot 504 ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na hapa Kenya ilijipatia jina kubwa. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Ziliunganishwa hapa hapa nchini, na mafundi wengi walizijua. Zamani ukitaka kufika Nairobi haraka, ulipanda “Pijo”.

Lakini mambo yamebadilika. Leo barabara zetu zimejaa Toyota, na spea zake utazipata karibu kila duka. Tena sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Kwa hiyo 504 ikifa, haiji nyingine kutoka ng’ambo kuchukua nafasi yake. Spea nyingi zinatolewa kwenye magari yaliyokwisha kufa, na fundi aliyeijua vizuri pengine amezeeka.

Lilivyoharibika gari la Mwalimu

Mambo yalianza na kitu kidogo: redieta ilivuja. Kila asubuhi aliongeza maji ya ziwa. Maji hayo yana matope, na matope huziba vijia vyembamba vya redieta. Kisha fundi mmoja akatoa thamostati, akisema gari litapoa. Thamostati ni mlango mdogo unaofunguka injini ikipata moto wa kutosha. Ukiutoa, injini hukaa baridi mno kwenye tambarare, inakula petroli zaidi na kuchakaa, na redieta iliyoziba inabaki vile vile.

Siku moja alikodishwa kupeleka mzigo Kericho. Kutoka Ahero ni tambarare ya Kano, halafu kuanzia Awasi barabara inapanda mlima mrefu. Hapo mshale wa joto ukapanda, naye akasema, “Nimefika karibu.” Hakusimama.

Hedi ya injini ya petroli ya 504 ni ya aluminiamu. Ikipata joto kupita kiasi hupinda, na gasketi inaungua. Tena silinda zake ni mabomba yanayoweza kutolewa, yamezungukwa na maji, na chini yamezibwa kwa sili. Sili zikiharibika, maji huingia kwenye oili. Mwalimu alipochomoa kijiti cha kupimia oili, aliona kitu kama chai ya maziwa. Ukiona hivyo, zima gari, usiliwashe tena.

Akatuma mtu Nairobi alete gasketi. Ikaja, haikuingia. Injini za petroli za 504 si moja: kuna ya cc 1796, yenye silinda za upana wa milimita 84, na ya cc 1971, yenye milimita 88. Mwalimu hakujua yake ni ipi. Nauli ikapotea, na wiki tatu pia.

Kabla hujatoa pesa

1. Tafuta fundi kwanza, halafu gari. Muulize gari kama hilo alilitengeneza lini mara ya mwisho, na la nani. Nenda ukamwulize huyo mwenye gari.

2. Nenda na fundi wako asubuhi, injini ikiwa baridi. Gari lililopashwa moto kabla hujafika huenda linafichwa ugonjwa. Fungua kifuniko cha redieta uangalie kama kuna mafuta juu ya maji. Toa kijiti cha oili.

3. Lala chini utazame sakafu na chasi. Gari lililobeba samaki limemwagiwa maji ya barafu na ya samaki, na kutu hula taratibu chini ya rangi.

4. Linganisha namba ya chasi na ya injini na zile za logbuku. Fanya upekuzi wa gari kwenye mtandao wa serikali, na usilipe pesa yote mpaka uhamisho wa umiliki uanze. Usiuziwe mbuzi kwenye gunia.

5. Ulizia bima. Bima ya kulinda watu wengine ni lazima kwa sheria. Bima kubwa, kampuni nyingi hazikubali kuwapa wenye magari makuukuu. Maana yake likiungua au likiibiwa, hasara ni yako.

6. Andika kwenye daftari aina ya injini, namba zake, kila spea iliyonunuliwa na tarehe.

Hesabu ya nyumbani

Tuseme una shilingi 180,000. Ukinunua gari la 180,000, siku ya kwanza likikohoa unakopa. Afadhali utafute la 120,000, na 60,000 zikae kando kwa jina la gari. Na kama linaleta 1,500 kwa siku baada ya petroli, toa 300 kila siku kwa matengenezo kabla hujagusa nyingine. Karo isichanganywe na pesa hizo hata kidogo. Kama hesabu hii haiwezekani, kukodisha gari la mwenzako siku za soko ni nafuu.

Mke ashirikishwe tangu mwanzo. Katika nyumba hii mama ndiye aliyejua samaki wanaleta kiasi gani, lakini hakuulizwa.

Neno moja zaidi: oili chafu usiimwage mtaroni wala ziwani. Maji hayo hayo tunayapika na kuyavua. Itie kwenye mtungi uipeleke gereji au kituo cha petroli kinachoipokea.

Limefika wapi?

Fundi mzee aliyewahi kutengeneza Pijo alipatikana. Hedi ikasawazishwa kwenye mashine, sili na gasketi zikabadilishwa, redieta ikasafishwa, thamostati ikarudishwa. Gari linatembea, lakini kwenda Kericho, hapana. Daftari analiweka mama. Msichana amerudi shuleni, ila muhula mmoja ulipotea, na huo hauna spea.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Katika kijiji chetu, ni magari mangapi yako juu ya mawe? Yalifikaje hapo?
2. Nyumbani kwako, nani huamua kununua kitu kikubwa? Nani huulizwa?
3. Kikundi chetu kinaweza kukodisha gari pamoja badala ya kila mtu kununua lake?