Kobero: Shehena inavuka, miaka ya chuo inabaki mpakani

Na Mwandishi Wetu

MALORI yanayotoka bandari ya Dar es Salaam, yakishazipita Singida, Nzega, Kahama na Lusahunga, huishia Kabanga, wilayani Ngara, Mkoa wa Kagera. Ng'ambo ya pili ni Kobero, katika eneo la Muyinga nchini Burundi, ambalo tangu mwaka 2025 limo ndani ya mkoa mpya wa Buhumuza. Kutoka hapo barabara inaelekea Gitega, mji uliofanywa makao makuu ya kisiasa ya nchi hiyo mwaka 2019.

Kabanga na Kobero ni kituo cha huduma za pamoja mpakani. Maofisa wa nchi hizo mbili hukaa mahali pamoja, na dereva hukaguliwa upande wa nchi anayoingia. Hapaswi kushuka mara mbili wala kupanga foleni mbili kwa mzigo uleule.

Lakini katika foleni hiyohiyo huweza kuwapo kijana mwenye mzigo ambao hauonekani kwa macho. Amesoma miaka miwili katika chuo kikuu kimoja cha Burundi, na sasa anakwenda kumalizia shahada yake Tanzania. Pasipoti yake itagongwa muhuri kwa dakika chache. Je, ile miaka miwili nayo itavuka?

Kwa wengi jibu hupatikana miezi kadhaa baadaye, katika ofisi ya udahili, na mara nyingi ni lilelile: anza mwaka wa kwanza.

Kwa mtoto wa mkulima wa kahawa, neno hilo si dogo. Ni ada ya miaka miwili iliyokwisha kulipwa na sasa inadaiwa upya. Ni umri unaosonga, na ni wadogo zake nyumbani wanaosubiri amalize ili zamu yao ifike.

Krediti 120 ni mwaka mmoja au miwili?

Chanzo kimoja cha tatizo ni hesabu. Burundi ilipanga upya elimu yake ya juu kwa sheria ya Desemba 2011. Kabla ya hapo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Burundi alisoma ngazi mbili, kila moja kwa kawaida ya miaka miwili, ambazo kwa Kifaransa ziliitwa kandidatura na lisansi. Sheria mpya ilileta ngazi tatu: miaka mitatu ya shahada ya kwanza, miwili ya uzamili, kisha uzamivu.

Mfumo huo ni wa ukoo mmoja na ule ulioanzia Ulaya kwa Azimio la Bologna la mwaka 1999. Mwaka mmoja wa masomo una krediti 60, na shahada ya kwanza inakamilika kwa krediti 180.

Tanzania inahesabu vingine. Katika utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), mwaka mmoja ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu inahitaji krediti 360.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Transkripti yake inaonyesha krediti 120. Kwao ni miaka miwili kamili. Anayeipokea Tanzania bila kuufahamu mfumo wa pili anaona mwaka mmoja tu, tena ulioandikwa kwa Kifaransa.

Ukihesabu saa badala ya krediti, sura inabadilika. Tanzania krediti moja ni saa 10 za kujifunza, hivyo mwaka ni saa 1,200. Katika mfumo wa Ulaya krediti moja ni saa 25 hadi 30, hivyo mwaka hauwi chini ya saa 1,500. Kwa kipimo hicho, kijana huyo hakusoma kidogo. Kilichopungua ni mtu wa kumfanyia hesabu.

Si kila somo linavuka

Hata hivyo, si haki kuvitupia vyuo lawama zote. Chuo kinachotoa shahada ndicho kinachoweka jina lake kwenye cheti, na kina wajibu wa kujiridhisha.

Chukua mfano wa sheria. Burundi ilirithi mfumo wa sheria wa Kibelgiji, Tanzania ikarithi wa Kiingereza. Aliyesoma sheria ya mikataba upande mmoja hawezi kudai amemaliza somo hilo upande wa pili. Lakini hisabati ya mwaka wa kwanza, kemia au takwimu hazibadiliki kwa kuvuka mpaka. Kumrudisha mtu darasani kusomea tena alichokwisha kukifaulu ni kupoteza muda wake na nafasi ya mwingine.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni kudhani kwamba kutambuliwa kwa cheti ni sawa na kuhamisha krediti. TCU hutathmini tuzo zilizotolewa nje ya nchi. Burundi nako ipo tume ya taifa inayoshughulikia ulinganifu wa vyeti, ambayo ndiyo mlango wa Mrundi aliyesoma Tanzania na kurejea kwao. Lakini aliyeishia katikati hana tuzo ya kutambuliwa. Ana masomo tu, na uamuzi kuhusu masomo hayo uko mikononi mwa chuo kinachompokea.

Ahadi zipo

Si kwamba viongozi hawakuliona hili. Mkataba wa kwanza wa Afrika wa kutambuliana masomo na vyeti ulipitishwa Arusha Desemba 1981, na ule uliofanyiwa marekebisho ukapitishwa Addis Ababa mwaka 2014.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inazitaka nchi wanachama kutambuliana sifa za kitaaluma. Mei 20, 2017, wakuu wa nchi waliokutana Dar es Salaam walitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, ndilo lililokabidhiwa kazi ya kuoanisha mifumo.

Tatizo ni kwamba tangazo la Dar es Salaam halijatafsiriwa kuwa utaratibu anaoweza kuusoma kijana aliyesimama Kobero. Anajua ushuru wa mzigo unavyokokotolewa. Hajui miaka yake itakokotolewa vipi.

Waliokimbia bila karatasi

Hali ni ngumu zaidi kwa waliokatishwa masomo kwa vurugu. Mwaka 1995 wanafunzi waliuawa katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi na wengine wakakimbia. Mwaka 2015, ghasia za kisiasa zilipozuka Bujumbura, chuo hicho kilifungwa, na mamia ya wanafunzi wakapiga kambi nje ya ubalozi wa Marekani. Anayekimbia namna hiyo hapitii kwanza ofisi ya msajili kuomba transkripti.

Kwa watu kama hao ipo njia iliyokwisha kujaribiwa. Mwaka 2019, Zambia ilianza majaribio ya hati ya sifa za elimu kwa wakimbizi chini ya Unesco. Mkimbizi hueleza alichosoma, huonyesha karatasi alizonazo, huhojiwa na wataalamu, kisha hupewa hati inayoeleza kiwango chake. Hati hiyo haimpi nafasi chuoni moja kwa moja, lakini humwondoa katika kundi la wasio na chochote.

Kifanyike nini?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanafunzi anayetarajia kuhama aanze maandalizi kabla hajaondoka. Achukue transkripti yenye muhuri, inayoonyesha krediti na saa za kila somo. Achukue muhtasari wa kila somo alilofaulu na barua ya chuo inayoeleza mfumo wa alama. Vyote vitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika. Kisha aandikie chuo anachokitaka kabla ya kulipa ada, aulize ni masomo yapi yatakubaliwa, na asubiri jibu la maandishi.

Vyuo navyo vitangaze wazi kanuni zao: kiwango cha juu cha krediti wanachopokea, nani anaamua na kwa muda gani. Anayekataliwa aelezwe sababu, somo kwa somo. Na Baraza la Kampala lingetoa jedwali la ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, linaloonyesha krediti 60 za Bujumbura ni ngapi Dar es Salaam, Nairobi na Kampala.

Ikiwa nchi mbili zimeweza kukubaliana jinsi ya kuhesabu mifuko ya saruji pale Kobero bila kuishusha mara mbili, haziwezi kushindwa kukubaliana jinsi ya kuhesabu miaka miwili ya kijana aliyekesha akisoma.