Ukitaka Kuwajua Wenyeji, Nenda Sokoni

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya safari. Watu wetu wanasafiri sana. Yuko anayekwenda Dubai kufuata bidhaa, yuko anayekwenda Oman kuwaona jamaa, yuko anayepelekwa na kazi. Lakini wakirudi, ukiwauliza wameona nini, wengi hukutajia uwanja wa ndege, hoteli na maduka makubwa yenye viyoyozi. Hayo yanafanana dunia nzima. Wazee walisema tembea uone. Hawakusema tembea ununue tu.

Anayetaka kuijua nchi ya watu aende sokoni kwao. Nitatoa mfano wa soko moja, la mji wa Nizwa, ulio bara ya Oman, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Muscat. Kila Ijumaa asubuhi, karibu na ngome kuu ya mji, hufanyika mnada wa mifugo. Ngome hiyo ilijengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif, yule aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliiteka Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698. Basi mtu wa pwani yetu, hata kabla hajamwona mbuzi, ameshakutana na historia yake mwenyewe.

Biashara asubuhi, na watu wa Nizwa wameishika sana methali hiyo. Mnada huanza mapema na kumalizika kabla ya sala ya Ijumaa. Wanunuzi hujipanga safu mbili za duara, moja ndani na moja nje, na katikati huachwa njia. Mwenye mbuzi, au dalali wake, huizunguka njia hiyo akivuta kamba na kuitangaza bei kwa sauti. Anayempenda mnyama humsimamisha, humfungua kinywa atazame meno, humpapasa mgongo, na kama ni jike hukagua kiwele. Kisha hutaja bei yake. Mwingine akipanda juu, dalali huendelea kuzunguka na bei mpya, mpaka apatikane asiyezidiwa.

Mgeni asidanganywe na udogo wa hesabu. Rial moja ya Oman ni zaidi ya dola mbili na nusu za Marekani, kwa hiyo mbuzi wa rial 100 ni mbuzi wa dola 260. Na zikikaribia siku za Idi ya kuchinja, watu hufurika na bei nazo hupanda.

Tega sikio sasa, ndugu msikilizaji. Soko, duka, dalali, bei, thamani, faida, hasara, deni, mizani: maneno yote hayo yana asili ya Kiarabu. Yalikuja na majahazi, tukayafanya yetu. Ukisimama Nizwa utayasikia mengine kwa matamshi ya huko, na ghafla utajikuta si mgeni kabisa. Utawaona kina mama waliovaa barakoa, vazi ambalo mabibi wa Unguja ya zamani walilijua. Utaonja halua ya wanga, samli, zafarani na iliki, na ulimi wenyewe utakukumbusha Zanzibar.

Tena usishangae ukijibiwa kwa Kiswahili. Oman wako watu wengi waliozaliwa Afrika Mashariki, au ambao wazazi wao walizaliwa huku. Wapo waliohama baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na wengi walifika baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi. Mzee wa namna hiyo akikuuliza habari za Darajani au za Marikiti, usimjibu kwa haraka huku macho yako yako kwenye bidhaa. Anachokuuliza ni habari za nyumbani alikokulia. Mweleze mvua zilivyonyesha, mweleze embe zinauzwaje. Wala usianze wewe kumhoji aliondokaje na nani alimkosea nani. Akitaka kusimulia, atasimulia mwenyewe.

Adabu ya soko ni nyepesi. Salamu kwanza, bei baadaye. Ukikaribishwa kahawa, pokea kwa mkono wa kulia, na ukitosheka kitikise kikombe kidogo kabla ya kukirudisha; usipokitikisa utamiminiwa tena. Usisimame katika njia ya mbuzi. Usimpige mtu picha bila ya kumwomba ruhusa, hasa mwanamke. Na nunua chochote, hata tende kidogo, maana mnunuzi hupewa nafasi ya kuzungumza, na mtazamaji mtupu huwa anawazibia wenzake njia.

Jambo hili la picha sisi tunalijua uchungu wake. Mara ngapi mgeni ameingia Kariakoo, akamwelekezea kamera mama anayepanga nyanya zake, akaondoka bila hata ya kusema hujambo? Mama yule hakuchukiwa wala hakutukanwa, lakini amefanywa kama sanamu. Lililo chungu kwetu tusiwapelekee wengine.

Basi utakaposafiri safari ijayo, ndugu yangu, tenga asubuhi moja. Waache wenzako walale hotelini, wewe amka uende sokoni. Ukirudi nyumbani, bidhaa zako zitauzwa na kwisha. Lakini utakuwa na watu wa kuwasimulia wanao, na huenda huko nako yuko mzee anayewasimulia wajukuu wake kwamba alikutana na mtu kutoka kwao, akamsalimu vizuri.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaaliwa, tukutane tena juma lijalo.