Kihamba, mwana wa kiume na kipimo kinachokwepwa

Kule Old Moshi, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kihamba, yaani shamba la ukoo, hurithiwa na mtoto wa kiume. Ndoa ikikaa miaka bila mtoto, ndugu wanaorudi nyumbani Desemba huanza kuuliza, na anayeulizwa ni mke. Marida Hollos na Ulla Larsen, katika utafiti wao wa kaskazini mwa Tanzania uliochapishwa mwaka 2008, waliueleza vizuri mzigo huo wa mwanamke. Ila kwa karibu nusu ya wenzi wanaokosa mtoto, mume naye ana tatizo, peke yake au pamoja na mkewe.

Sababu ni nyingi: maambukizi, mishipa ya korodani iliyovimba, homoni. Nyingine mtu huzaliwa nazo. Mwaka 1942 daktari Mmarekani Harry Klinefelter na wenzake walieleza hali ambayo mwaka 1959 ilibainika kuwa ni kromosomu X ya ziada: XXY badala ya XY. Humpata mwanamume mmoja kati ya 500 hadi 1,000 hivi. Wengi wao huoa na tendo la ndoa halina shida, wasijue lolote mpaka mbegu zitafutwe kwenye darubini zikosekane. Nguvu za kiume ni jambo moja, mbegu ni jingine. Wauza dawa wa stendi hawapendi hilo lisemwe.

Hali ya pili inawagusa zaidi wenye vihamba. Kromosomu Y, kama kihamba chenyewe, hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Ina eneo liitwalo AZF. Kipande cha hapo kikikosekana, mbegu hupungua au hazitengenezwi kabisa. Ikikosekana sehemu yake ya AZFa yote, kupasua korodani kutafuta mbegu ni kutupa fedha. Ikikosekana sehemu ya AZFc, mara nyingi mbegu hupatikana na mimba hutungwa maabara, lakini mtoto akiwa wa kiume atarithi pengo lilelile. Wenzi wanastahili kulijua hilo kabla hawajauza ng'ombe.

Hakuna haja ya kuanzia kwenye vinasaba. Kipimo cha kwanza ni cha shahawa, baada ya siku 2 hadi 7 bila tendo la ndoa, kisha kirudiwe. Mbegu zisipoonekana, au zikiwa chini ya milioni 5 kwa mililita, ndipo daktari huagiza kipimo cha kromosomu na cha AZF.

Hospitali ya KCMC iko hapo chini ya mteremko. Baba na mashangazi, kabla hamjamshauri kijana aoe mwingine, mwambieni aende kwanza kupima, afuatane na mkewe.