DHAMANA ISIYOKAGULIWA

Riwaya ya upelelezi si ngeni Visiwani. Marehemu Muhammed Said Abdulla alitutolea Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na Bwana Msa wake akatuzoesha kuamini kwamba fumbo likishafumbuliwa nyoyo hutulia. Hivi karibuni tumesoma riwaya ya namna nyengine, ambayo fumbo lake hufumbuliwa ilhali moyo wa msomaji hautulii. Ni kazi ya Stieg Larsson, mwandishi wa habari wa Uswidi, aliyefariki mwaka 2004, kabla ya kitabu chake kutoka mwaka 2005. Jina lake la asili lina maana ya wanaume wanaowachukia wanawake. Waliokitia katika Kiingereza wakalilainisha.

Kisa kinazunguka kisiwa kidogo kilichoungwa na bara kwa daraja. Mwaka 1966, siku ambayo ajali ililifunga daraja hilo, binti wa ukoo tajiri alitoweka. Miaka mingi baadaye Mikael Blomkvist anaajiriwa kuutafuta ukweli. Mkaazi wa kisiwa atafahamu upesi: pale ambapo kila mtu anamjua mwenzake, siri haifichwi na giza, bali hufichwa na heshima ya jina la ukoo.

Lakini lililotushughulisha zaidi ni habari ya Lisbeth Salander, msichana anayemsaidia Blomkvist. Yeye amewekewa na serikali msimamizi wa mambo yake na fedha zake. Wa kwanza, mzee Holger Palmgren, alikuwa mwadilifu. Alipopatwa na kiharusi, nafasi yake ilishikwa na wakili Nils Bjurman, naye akazifanya fedha za msichana kuwa mtego wa kumdhalilisha. Sheria ni ile ile, cheo ni kile kile, muhuri ni ule ule. Aliyebadilika ni mtu.

Uswidi ni nchi iliyoisaidia Tanzania kwa miaka mingi, hasa katika elimu na maji vijijini, na sifa yake ya kuwatunza wanyonge imeenea. Larsson anatuonesha kwamba hata huko mlezi asiyekaguliwa aweza kugeuka chui.

Salander hakwenda polisi. Alilipiza mwenyewe, tena kwa ukatili. Hatumuungi mkono, kwani kisasi si haki. Hata hivyo, anayemlaumu kwanza ajiulize kwa nini mtu huyo hakuwa na imani na mlango wowote wa serikali.

Wako watakaosema kwamba vitabu vya aina hii vinaharibu vijana. Kweli, hiki si cha watoto wa skuli. Lakini watu wazima, na hasa wenye madaraka, wana faida ya kukisoma. Dini ilitutangulia kutuonya juu ya mali ya yatima, na tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011. Yote hayo ni mema, lakini hayatoshi iwapo mlezi ndiye pekee anayeulizwa hali ya anayelelewa. Hesabu zake zikaguliwe kwa vipindi maalumu, na mtoto, mgonjwa au kizee aliye chini yake asikilizwe faragha, mlezi asiwepo. Mlezi mwema hatachukia kukaguliwa. Na atakayechukia, huyo ndiye wa kukaguliwa kwanza.